Majina Manne ya Ulaanbaatar

Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, una jina lililo changa kuliko mji wenyewe. Wenyeji huhesabu umri wa mji wao tangu mwaka 1639, ilhali jina linaloandikwa leo kwenye ramani na pasipoti lilipitishwa mwaka 1924. Katika miaka 285 iliyotangulia mji huo uliitwa Örgöö, kisha Ikh Khüree, kisha Niislel Khüree. Wageni nao walikuwa na majina yao: Warusi na Wazungu wengine walisema Urga, Wachina walisema Kulun. Majina hayo hayakupokezana ovyo. Kila moja lilitangaza mji ni wa nani: kwanza wa mtawa mmoja, baadaye wa jamii nzima ya watawa, kisha wa dola, na mwishowe wa chama kilichoshika dola hiyo.

Matamshi yake si magumu kama maandishi yanavyotisha. Kh husomwa kama ile ya neno kheri. Ö na ü ni irabu zisizokuwamo katika Kiswahili, na hutamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Irabu iliyoandikwa mara mbili huvutwa, kwa hiyo katika Ulaanbaatar sauti huvutwa mahali pawili, laa na baa. Jambo hili la irabu ndefu linaonekana dogo, lakini ndilo lililoleta ugomvi wa tahajia katika karne ya 20.

Mwanzo wa mji ni hema la mtoto mdogo. Mwaka 1639 wakuu wa Khalkha, yaani Wamongolia wa kaskazini, walikusanyika kando ya ziwa la Shireet Tsagaan Nuur, katika eneo ambalo leo limo ndani ya mkoa wa Övörkhangai. Ziwa hilo nalo lina jina la kufaa shughuli yenyewe: tsagaan ni jeupe, nuur ni ziwa, na shireet ni lenye meza au lenye kiti cha enzi. Hapo walimsimika mwana wa Tüsheet Khan Gombodorj, aliyezaliwa mwaka 1635, awe kiongozi wa Ubuddha katika nchi ya Khalkha. Mtoto huyo alikuja kujulikana kwa jina la Zanabazar, ambalo ni neno la Kisanskriti Jñānavajra lililopita katika ndimi za Wamongolia. Akawa wa kwanza katika msururu wa viongozi wa dini wenye cheo cha Jebtsundamba, na mchongaji ambaye sanamu zake za shaba bado ndizo kilele cha sanaa ya nchi hiyo. Alikuwa pia na damu ya Chinggis Khan, na siasa ya kumsimika imo humo: wakuu wa Khalkha walimpata kiongozi wa dini ambaye ni wa ukoo wao wa kifalme, asiyetoka Tibet.

Makazi ya mtoto huyo yaliitwa örgöö. Kimongolia kina neno la kawaida la nyumba, ger, lile hema la mviringo lenye kiunzi cha fito na kuta za manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Ger ni nyumba ya yeyote. Örgöö ni neno la adabu, la makazi ya mkubwa, na lingeweza kutajwa kwa hema la khan au la mtawa mwenye cheo. Kwa hiyo jina la kwanza la mji halikutaja mahali hata kidogo. Lilitaja mtu na heshima yake, na mtu huyo alipohama, jina lilihama naye. Hapakuwa na kijito, kilima wala bonde lililoitwa Örgöö. Palikuwa na hema, na watu waliolizunguka.

Historia ya Zanabazar inaonyesha jinsi makazi yale yalivyokuwa hayana mizizi ardhini. Mwaka 1688 Galdan, mtawala wa Wadzungar wa magharibi, aliivamia Khalkha, na Zanabazar akakimbilia kusini pamoja na maelfu ya watu wake. Mwaka 1691, huko Dolonnor, wakuu wa Khalkha walikubali utawala wa mfalme Kangxi wa nasaba ya Qing, Wamanchu waliokuwa wakitawala Uchina. Zanabazar mwenyewe alifariki Beijing mwaka 1723. Mrithi wake, aliyeaminiwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyezaliwa tena, alitoka katika ukoo uleule wa Tüsheet Khan, lakini kuanzia wa tatu Jebtsundamba wote walitafutwa Tibet, kwa kuwa watawala wa Qing hawakutaka kuona dini na ukoo wa kifalme vikikaa tena katika mtu mmoja.

Warusi, waliokuwa wakija na bidhaa na barua kutoka Siberia, walilisikia neno Örgöö wakaliandika Urga. Irabu ya mwanzo ikawa u, ndefu ya mwisho ikakatwa, na kutoka vitabu vya Kirusi jina hilo likaingia katika Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Ramani za Ulaya ziliendelea kuandika Urga hadi karne ya 20, zaidi ya miaka 200 baada ya Wamongolia wenyewe kuhamia jina lingine. Ni kawaida ya majina ya kigeni: hushika mapema na kuachia mwisho. Msomaji wa leo anaweza pia kukutana na filamu ya Nikita Mikhalkov iitwayo Urga, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1991, akadhani ni habari za mji huu. Sivyo. Jina la filamu hiyo ni uurga, ule mti mrefu wenye kitanzi ambao wachungaji hukamatia farasi, na hauhusiani na hema la Zanabazar isipokuwa kwa mfanano wa sauti.

Kadiri watawa walivyoongezeka, hema moja likawa mamia, na jina likabadilika kufuata hali. Mwanzoni mwa karne ya 18 neno lililozoeleka lilikuwa khüree, mara nyingi likiwa na kivumishi ikh, kubwa: Ikh Khüree, Khüree Kubwa. Wengine walisema Bogdiin Khüree, Khüree ya Mtakatifu, na wengine Da Khüree, ambamo da ni neno la Kichina lenye maana ileile ya kubwa.

Neno khüree lina historia ndefu kuliko Ubuddha wa Mongolia. Katika Kimongolia cha karne ya 13 lilikuwa küriyen. Rashid al-Din, waziri wa watawala wa Kimongolia wa Uajemi aliyeandika tarikh yake kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, anaeleza kwamba maana yake ni duara: zamani watu walipopiga kambi nyikani walipanga mahema na magari yao kwa kuzunguka, na mkubwa wao akakaa katikati. Ilikuwa namna ya kulala salama mahali pasipo na ukuta wala mti wa kujificha. Chinggis alipopambana na mpinzani wake Jamukha katika ujana wake, jeshi lake linatajwa kuwa khüree 13. Hapo neno tayari limekwisha kuwa kipimo cha watu na si umbo la kambi tu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana neno la kumsaidia hapa, nalo ni boma. Boma ni ua wa miiba wa kuzuia ng'ombe, ni ngome ya kujihami, na tangu enzi za wakoloni ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Khüree ilipita njia ya namna hiyo, isipokuwa mwisho wake ulikuwa dini badala ya serikali: duara la mahema likawa duara la mahekalu, na neno likaanza kumaanisha makao ya watawa. Khüree zilikuwa nyingi. Katika Mongolia ya Ndani, ndani ya Uchina, iko wilaya inayoitwa hadi leo Khüree, Kulun kwa Kichina, iliyokua kuzunguka makao mengine ya watawa. Ndiyo maana ya lile neno ikh. Lilihitajika kuitenganisha khüree moja na nyingine, na ile ya Jebtsundamba ilikuwa kubwa kuliko zote.

Wachina walichukua jina hilo la pili na si la kwanza, kwa sababu walifika kwa wingi wakati khüree ilipokuwa imekwisha kuwa jina la kila siku. Wakaliandika kwa alama mbili zinazosomwa Kulun, na ndivyo lilivyobaki katika nyaraka za Qing na hata katika magazeti ya mwanzo wa karne ya 20. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kirusi na mwenzake wa Kichina waliokutana sokoni humo walikuwa wakitaja mji mmoja kwa majina mawili, yote mawili ya Kimongolia, moja kongwe na moja jipya.

Khüree Kubwa ilihama zaidi ya mara 20 kati ya 1639 na 1778. Ilizunguka katika mabonde ya mito ya Orkhon, Selenge na Tuul, ikifuata malisho na kuni, ikikimbia vita, na wakati mwingine ikikaa mahali pamoja miaka mingi. Mahekalu yake yalikuwa mahema makubwa au majengo ya mbao yaliyoweza kufumuliwa na kupakiwa juu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini kila kizazi mzigo ulizidi: sanamu, vitabu, vyungu vya kupikia maelfu ya watu, wafanyabiashara waliofuata nyuma. Mwaka 1778 ilipiga kambi pale mto Selbe unapoingia katika mto Tuul, chini ya mlima Bogd Khan Uul, na haikuondoka tena. Mahali hapo palikuwa juu ya njia ya chai. Mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727 ulikuwa umeruhusu biashara ya mpakani kati ya Urusi na Qing, na misafara ya ngamia iliyobeba chai kutoka Kalgan kwenda Kyakhta ilipita hapo. Mji uliokuwa ukitembea ulipata faida zaidi kwa kusimama.

Ulisimama bila kuacha umbo lake. Katikati palikuwa na mahekalu makuu na kasri la Jebtsundamba, na pande tatu zikajipanga mitaa ya watawa, kama 30 hivi, kila mmoja na hekalu lake dogo, huku upande wa kusini ukiachwa wazi. Mitaa hiyo iliitwa aimag, neno ambalo leo ni mkoa, na Mongolia ina aimag 21. Uwazi wa kusini haukuwa wa bahati. Mlango wa ger huelekea kusini, na kwa Mmongolia aliyesimama mlangoni akitazama nje, mashariki iko mkono wa kushoto na magharibi mkono wa kulia. Ndipo neno züün likawa na maana zote mbili, kushoto na mashariki, na baruun vivyo hivyo kulia na magharibi. Sehemu ya zamani ya mji ilipopata jina la Züün Khüree, jina hilo lilikuwa Khüree ya Mashariki na Khüree ya Kushoto kwa pamoja.

Jina Züün Khüree lilizuka kwa sababu upande wa magharibi ulikuwa umeota mji wa pili. Juu ya kilima, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, lilijengwa Gandan, makao ya watawa waliojitenga na kelele za biashara ili wasome falsafa ya dini. Jina lake ni la Kitibeti, kama yalivyo majina mengi ya mahekalu ya Mongolia. Mashariki zaidi, mbali kidogo na mahekalu, ulikuwako mji wa wafanyabiashara wa Kichina ulioitwa Maimaicheng, yaani mji wa kununua na kuuza. Jina hilohilo walilipa pia soko lao la mpakani mkabala na Kyakhta. Baada ya mkataba wa Beijing wa mwaka 1860, Urusi nayo ikafungua ubalozi mdogo hapo mwaka 1861, na nyumba za Warusi zikajipanga katika nafasi iliyobaki. Msafiri wa karne ya 19 aliyeandika kwamba amefika Urga alikuwa kwa kweli amefika katika miji mitatu au minne yenye majina tofauti, iliyotenganishwa na viwanja vya vumbi.

Mlima ulio kusini ya mji una sehemu yake katika habari hii. Bogd ni mtakatifu, khan ni mfalme, uul ni mlima. Kukata miti na kuwinda humo kulipigwa marufuku na utawala wa Qing mwishoni mwa karne ya 18 kwa ombi la Wamongolia, na makatazo ya kimila yalikuwapo kabla ya hapo. Kwa adabu ya zamani mtu hataji jina la mlima mtukufu akiwa anauona mbele yake. Husema tu Khairkhan, jina la heshima linalotosha kwa mlima wowote unaotukuzwa. Katika nchi yenye desturi ya namna hiyo, kutaja jina si jambo jepesi, na kulibadilisha ni jambo zito zaidi.

Jina la tatu lilikuja na siasa. Nasaba ya Qing ilipokuwa ikianguka, wakuu wa Khalkha walitangaza uhuru wao, wakamfukuza gavana wa Qing, na tarehe 29 Desemba 1911 wakamtawaza Jebtsundamba wa nane kuwa Bogd Khan, mfalme wa Mongolia. Alikuwa Mtibeti kwa kuzaliwa, aliyelelewa Khüree tangu utotoni. Mji wake ukaitwa Niislel Khüree. Niislel ni mji mkuu, na hapo kwa mara ya kwanza jina la mji likataja kazi ya kiserikali: ikh ikang'olewa, niislel ikawekwa. Khüree yenyewe haikuguswa, kwa sababu mfalme na mkuu wa watawa walikuwa mtu mmoja na kasri lake lilikuwa humohumo. Jina hilo lilikuwa sahihi kwa hali ilivyokuwa, na halikumwondoa mtu yeyote.

Lilidumu miaka 13 tu, nayo ilikuwa miaka ya misukosuko. Mkataba wa pande tatu wa mwaka 1915 uliipunguza Mongolia kuwa nchi yenye mamlaka ya ndani chini ya Uchina. Mwaka 1919 jeshi la Kichina likauteka mji. Februari 1921 liliondolewa na Baron Ungern-Sternberg, jenerali wa Warusi Weupe waliokuwa wakipigana na Wabolsheviki, na utawala wake wa mauaji ulikwisha Julai mwaka huohuo wanamapinduzi wa Kimongolia walipoingia pamoja na Jeshi Jekundu. Kamanda wa askari wa Kimongolia alikuwa Damdin Sükhbaatar. Bogd Khan aliachwa kwenye kiti chake bila madaraka ya maana. Sükhbaatar alifariki Februari 1923 akiwa na miaka 30, au 29 kwa hesabu nyingine, na Bogd Khan akafariki Mei 1924. Chama kilichoshika nchi hakikuruhusu atafutwe wa tisa, na njia ya jamhuri ikawa wazi.

Khural Kuu ya kwanza, yaani bunge, ilikutana Novemba 1924. Tarehe 26 ya mwezi huo ilipitisha katiba ya Jamhuri ya Watu wa Mongolia, na katika kikao hicho likaja suala la jina la mji mkuu. Niislel Khüree halikufaa tena, kwa kuwa khüree ilikuwa ni watawa. Wajumbe wengi walitaka Baatar Khot, Mji wa Shujaa. Jina hilo lingeweza kumkumbuka Sükhbaatar, au askari wote wa mwaka 1921, au mashujaa wa karne zozote, na pengine uzuri wake ulikuwa katika kutochagua. Lakini kikaoni alikuwapo Turar Ryskulov, Mkazakhi aliyetumwa na Komintern, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti. Yeye alishikilia kwamba shujaa huyo awe mwekundu, na jina likapita likiwa Ulaanbaatar Khot, Mji wa Shujaa Mwekundu. Ryskulov aliondoka Mongolia mwaka 1925 na aliuawa Umoja wa Kisovieti mwaka 1938 katika mauaji ya Stalin. Kivumishi alichokiongeza kiko hadi leo.

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba mji ulipewa jina la Sükhbaatar. Ni rahisi kuona sababu: sükh ni shoka, baatar ni shujaa, na Sükhbaatar na Ulaanbaatar yanakamilishana masikioni. Kifo chake kilikuwa bado kibichi, na hapana shaka wengi kikaoni walimfikiria yeye. Hata hivyo jina lililopitishwa halimtaji mtu. Wakati serikali ilipotaka kumtaja mtu, ilimtaja wazi: mji wa Bayan Tümen, mashariki ya nchi, ulipewa jina la Choibalsan mwaka 1941, Choibalsan mwenyewe akiwa waziri mkuu na akiwa hai. Sükhbaatar naye alipata mkoa, mji wa mpakani na uwanja mkuu wa Ulaanbaatar.

Neno baatar lenyewe ni msafiri mkubwa. Katika maandishi ya kale ni baγatur, na baba yake Chinggis aliitwa Yesügei Baγatur. Waturuki na Wamongolia walilieneza kila walikopita. Katika Kiajemi likawa bahadur, likaingia India kama cheo, na mfalme wa mwisho wa Mughal huko Delhi aliitwa Bahadur Shah. Waingereza nao wakaligawa kwa watumishi wao wa Kihindi kama nishani. Wahungaria wanalo katika bátor, jasiri. Warusi wanalo katika bogatyr, shujaa wa hadithi zao za kale. Washauri wa Kirusi waliolipokea jina la Ulaanbaatar mwaka 1924 walikuwa tayari na nusu yake katika hekaya za utotoni.

Ulaan, nyekundu, haikuanza na Wakomunisti katika majina ya nchi hiyo. Ulaangom, mji mkuu wa mkoa wa Uvs, ni Mchanga Mwekundu, na wekundu wake ni wa ardhi. Lakini baada ya 1924 rangi hiyo ilipata kazi mpya. Ng'ambo ya mpaka, Warusi waliugeuza Verkhneudinsk kuwa Ulan-Ude mwaka 1934, kwa kuchukua neno la Kiburyat, ndugu wa Kimongolia, na kulibandika kwenye mto Uda. Katika Tuva, mji ulioanzishwa mwaka 1914 kwa jina la Belotsarsk, Mji wa Tsar Mweupe, ulikuja kuitwa Kyzyl, neno la Kituva la nyekundu. Nyeupe ikawa nyekundu bila kificho chochote. Na katika Mongolia ya Ndani, Wangiin Süm, Hekalu la Mwanamfalme, ukawa Ulaankhot, Mji Mwekundu, mwaka 1947. Ukilinganisha na hayo, Ulaanbaatar ni jina lenye nafuu, kwa sababu nusu yake ya pili ingeeleweka kwa mpanda farasi wa karne ya 13.

Khot, neno linalofuata jina la mji katika maandishi rasmi, lina asili ya kichungaji. Ni mahali kondoo wanapolala usiku, na khot ail ni kikundi cha familia zinazopiga kambi pamoja na kuchunga mifugo yao kwa ushirika. Khoroo, ambayo leo ni kata katika utawala wa mji, ni zizi vilevile. Hivyo ndivyo lugha ya wafugaji wanaohama ilivyopata maneno ya mji na kata. Ilichukua maneno ya kambi na zizi, na hata serikali ya kisasa haikuona haja ya kutafuta mengine.

Tahajia ilichukua muda wake kutulia. Katika hati ya kale ya wima jina huandikwa ulaγan baγatur, na γ ni sauti iliyokuwa ikitamkwa zamani katikati ya irabu. Sauti hiyo ilipofifia, irabu mbili zilizoizunguka ziliungana zikawa moja ndefu. Mongolia ilipoingia katika herufi za Kisirili miaka ya 1940, ikaandika kama inavyotamkwa, kwa a mbili mbili. Warusi hawana desturi ya kuandika irabu ndefu, wakaandika Ulan-Bator, na dunia ikanakili kutoka kwa Warusi kama ilivyofanya kwa Urga. Ulan Bator ilitawala vitabu vya jiografia kwa miaka mingi, na baada ya 1990 tu ndipo Ulaanbaatar, neno moja lenye irabu zake zote, likaanza kushika nafasi yake nje ya nchi.

Khüree kama mahali ilifutwa kwa nguvu. Katika kampeni ya mwishoni mwa miaka ya 1930 maelfu ya watawa waliuawa na karibu mahekalu yote ya nchi yakabomolewa. Züün Khüree ikawa viwanja vya majengo mapya. Gandan ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka 1944. Neno, hata hivyo, lilinusurika katika mambo yasiyo ya utawala. Ngoma ya vinyago ya watawa wa mji huo bado huitwa Khüree tsam.

Mapinduzi ya amani ya mwaka 1990 yaliondoa utawala wa chama kimoja, na wengi wangetarajia kwamba jina lingeondoka nalo. Majina mengine yaliondoka. Katiba ya mwaka 1992 iliondoa maneno Jamhuri ya Watu katika jina la nchi ikabaki Mongolia tu. Sanamu ya Lenin iliteremshwa mwaka 2012. Mwaka 2013 mji wa Öndörkhaan ukaitwa Chinggis. Mwaka huohuo uwanja wa Sükhbaatar, katikati ya mji mkuu, uligeuzwa kuwa uwanja wa Chinggis, huku sanamu ya Sükhbaatar juu ya farasi ikiachwa palepale ilipowekwa mwaka 1946; mwaka 2016 jina la zamani likarudishwa. Ugomvi huo wa uwanja unaonyesha kwamba Wamongolia hawakuwa wamechoka kubishania majina. Kwamba Ulaanbaatar haikuguswa kunaelekea kuwa na sababu rahisi zaidi: waliozaliwa baada ya 1924 hawakulisikia kama kaulimbiu. Lilikuwa jina la nyumbani, rangi na shujaa, na jina Örgöö lilikuwa limesahaulika mno hata kurudishwa.

Katika mazungumzo ya kila siku jina zima halitumiki sana. Vijana husema UB. Wafugaji wanaosafiri kwenda mji mkuu husema wanaingia khot, bila kutaja upi, na haieleweki vingine katika nchi ambayo karibu nusu ya watu wake wanaishi katika mji mmoja wenye wakazi zaidi ya milioni 1.5. Wakazi wengi wa pembezoni huishi katika ger na kujipasha moto kwa jiko la makaa, na moshi wa majira ya baridi umezaa mzaha unaojulikana na kila mtu: herufi moja ikiongezwa na nyingine kupunguzwa, ulaan huwa utaan, kutoka utaa, moshi, na mji huwa Utaanbaatar. Serikali ilipiga marufuku makaa ghafi mjini mwaka 2019, lakini mzaha haujakoma. Kisheria hakuna kilichobadilika tangu 1924. Jina la mji mkuu limeandikwa ndani ya kifungu cha 13 cha katiba ya 1992, na atakayetaka kulibadilisha itambidi abadilishe katiba kwanza.